Kuchagua fyekeo la haidroliki kwa eskaveta ndogo: mwongozo kamili kwa mashamba ya Mtwara na Lindi

Pita barabara ya Newala au ya Nachingwea mwezi wa Juni uangalie mashamba ya korosho yaliyokosa palizi misimu mitatu. Mikorosho ipo, lakini shina huioni. Vichaka vimepanda hadi kwenye matawi ya chini, upupu umetambaa juu yake, na mwenye shamba anajua kwamba ifikapo Oktoba korosho zitadondoka mahali ambapo hakuna mkono utakaozifikia. Wenye panga na mafyekeo wameshachukuliwa na majirani. Hapo ndipo wazo la kijiko kidogo huja: eskaveta ya tani 2 hadi 8, iliyovuliwa baketi na kufungwa kifaa cha kufyekea, yaani fyekeo la haidroliki, linalozungushwa kwa oili ambayo pampu ya mashine huisukuma kwa presha.

Wazo ni zuri, nami ndiyo kazi ninayoiishi. Kinachoniumiza ni kuona watu wakinunua kifaa kwanza, halafu wanauliza mashine yao inatoa oili kiasi gani, na mwisho kabisa wanakwenda kukiangalia kichaka chenyewe. Mpangilio unatakiwa ugeuzwe: kichaka kwanza, mashine ya pili, kifaa mwisho.

Kusini tumewahi kulipa gharama ya kupuuza mpangilio huu. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa 1951, ulifika hadi Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Kung'oa pori waliagiza mitambo iliyotumika vitani, hata vifaru viligeuzwa matrekta, na mizizi ya pori la Tanganyika iliiharibu kabla shamba halijapatikana. Mashine zililetwa kabla ya mtu kuisoma ardhi.

Hatua ya kwanza: lipite shamba kwa miguu

Beba panga, futi kamba na kamba ya kawaida ya mita 40. Kunja kamba iwe mraba wa mita 10 kwa 10 mahali panapofanana na sehemu kubwa ya shamba, kisha hesabu mashina yaliyomo kwa unene. Mimi natumia vipimo vitatu: dole gumba, kifundo cha mkono, na paja. Rudia sehemu tatu au nne. Usitafute wastani, tafuta shina nene linalojirudia, maana hilo ndilo litakalogongana na kisu chako mara mia kwa siku. Lile moja nene kama paja unaweza kulikwepa na kumwachia mtu wa msumeno.

Likate moja kwa panga. Mti mchanga ulio laini hukubali kwa pigo moja. Mpingo hurudisha panga, na kiini chake ni kizito hata kikitiwa majini kinazama. Ukikutana na mpingo, mninga au mkongo, simama kwanza: hiyo ni miti inayolindwa na sheria ya misitu. Nenda ofisi ya misitu ya wilaya au ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ukaulize kibali kabla mashine haijashuka kwenye lori.

Kisha angalia ardhi. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ni mchanga mwekundu usio na mawe, na visu hudumu. Ukishuka pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, chini ya majani kuna mawe ya matumbawe yenye ncha. Masasi na Nachingwea kuna mawe ya itale yanayochomoza bila taarifa. Kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, nyuzi zake hujisokota kwenye ekseli ya kifaa hadi zinakata sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Waya wa uzio uliosahaulika hufanya hivyohivyo, kwa haraka zaidi.

Na muulize mzee wa shamba. Huko Tandahimba niliwahi kuonyeshwa mipaka yote, tukamaliza, nikawa nawasha mashine, ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa kimya akaniita: "Mjukuu wangu, pale penye mkwaju usipeleke chuma chako. Pale wamelala watu." Makaburi manne, hakuna hata jiwe lililoonekana. Tangu siku hiyo natembea na vitambaa vyekundu mfukoni. Kila kaburi, mzinga wa nyuki, shimo la choo cha zamani na mche wa mkorosho uliojificha hufungiwa kitambaa kwenye mti wa karibu, kwa urefu ambao opereta anaona akiwa ametulia kitini.

Hatua ya pili: unakata au unang'oa?

Hizi ni kazi mbili na vifaa vyake ni tofauti. Ukikata, kisiki kinabaki, na vichaka vyetu vingi huchipua tena mvua za Desemba zikianza. Ukitaka shamba jipya la ufuta au mihogo, kukata ni kuahirisha kazi. Hapo chukua reki ya visiki yenye meno marefu, pamoja na dole gumba la chuma linalobana mzigo dhidi ya baketi au reki. Havihitaji mota, havili oili, fundi mzuri wa kuchomelea anavirekebisha palepale wilayani. Kwa mtu mwenye mashine ya tani 2 asiye na fedha nyingi, na kwa yeyote anayefanya kazi kwenye matumbawe, ushauri wangu ni huohuo: anza na reki, na fyekeo lisubiri.

Chini ya mikorosho ni kinyume chake. Mizizi ya mkorosho husambaa kwa upana, karibu na uso wa ardhi, hadi nje ya kivuli cha matawi. Ukiingiza reki pale unakata chakula cha mti. Chini ya mkorosho unakata tu, kwa kuacha sentimita tano hivi juu ya udongo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawalijui kwa sababu hawaokoti korosho. Korosho hatuichumi mtini, tunaiokota chini ikishadondoka. Kwa hiyo hali ya ardhi baada ya kufyeka ni sehemu ya mavuno. Kifaa kikiacha fito ndefu zimelala, korosho zinajificha chini yake. Kikiacha visiki vilivyochongoka, mwokotaji aliyevaa kandambili anaumia. Nimeona mama mmoja akichomwa unyayo na kisiki cha unene wa kidole, kilichopasuliwa na kisu butu kikabaki kama mkuki, na msimu wake wa kuokota ukaishia hapo. Unapochagua kifaa, chagua pia kile kitakachobaki ardhini.

Hatua ya tatu: soma mashine yako

Vitu vinne viandike kabla hujazungumza na muuzaji yeyote: uzito wa mashine, kiasi cha oili inayotoka kwenye laini ya kifaa (mipira na mabomba yanayopeleka oili kwenye kifaa), presha yake, na njia ambayo oili hurudi nayo kwenye tangi.

Kwa makadirio, mashine ya tani 1.5 hutoa lita 20 hadi 35 kwa dakika; ya tani 3 hadi 4 hutoa lita 40 hadi 65; ya tani 5 hadi 6 hutoa 60 hadi 90. Presha mara nyingi huwa kati ya bar 170 na 210. Hayo ni makadirio tu. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno, na kama ni ya mtumba kutoka Japani, hata kitabu hakitoshi, kwa sababu pampu imeshachakaa. Mwite fundi wa haidroliki mwenye flomita (kipimo cha mtiririko wa oili) na geji ya presha, apime oili ikiwa imepata moto. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya fyekeo lisilozunguka.

Hesabu ya nguvu ni rahisi: lita kwa dakika, zidisha kwa bar, gawa kwa 600, unapata kilowati. Lita 60 kwa bar 200 ni kilowati 20. Sasa tazama injini: mashine nyingi za tani 3.5 zina injini ya kilowati 18 hivi. Maana yake haiwezekani upate lita zote na presha yote kwa wakati mmoja, na bado mkono na minyororo vinadai sehemu yao. Kwa kazi ya kutwa hesabu theluthi mbili ya ile ya kwenye karatasi. Muuzaji akikwambia kifaa chake "kinahitaji lita 60, bar 200" na mashine yako ni hiyo, injini itakuwa inazimika kila kisu kinapouma.

Halafu njia ya kurudi. Mashine nyingi za mtumba zina laini ya breka tu (breka hapa ni nyundo ya haidroliki ya kuvunjia mawe, si breki), au hazina laini kabisa. Laini ya breka inafaa kama oili inarudi moja kwa moja kwenye tangi kupitia filta. Ikirudi kupitia vali kuu, presha hujijenga nyuma ya mota. Hapa ndipo mota nyingi hufia.

Mota za pistoni, na baadhi ya mota za gia, huwa na mpira mwembamba wa tatu, laini ya dreni, unaorudisha tangini ile oili kidogo inayovuja ndani ya mota. Lazima uende tangini wenyewe, bila kupita kwenye vali. Fyekeo langu la kwanza nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyenihakikishia kwamba linafunga kwenye mashine yoyote. Tundu la dreni lilikuwa limezibwa kwa boliti, nami sikujua kuuliza. Siku ya pili kazini oili sili ilipasuka, na kabla opereta hajafikia swichi, oili ilikuwa imemwagika kwenye mchanga chini ya mikorosho ya watu. Sili ilitoka Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 550, na siku tano za msimu zikapotea. Mwenye shamba hakunidai kitu, ila alichimba ule mchanga mweusi kwa jembe, ndoo kwa ndoo, nami nikiwa nambebea. Ndiyo maana swali la dreni sasa naliuliza kabla ya bei.

Hatua ya nne: aina za mafyekeo, na ipi ya nani

Slesha ni diski nzito yenye visu viwili au vitatu vinavyoning'inia, ndugu wa slesha ya trekta. Kwa mashine ya tani 3 hadi 5 hukata mashina ya sentimita 5 hadi 7 bila shida, na kwa ile kubwa zaidi hufika 10. Ni rahisi kutengeneza, visu vyake ni vichache, na kisu kikigonga jiwe hujikunja nyuma badala ya kuvunjika. Ubaya wake ni kwamba hurusha vitu mbali, na huacha fito ndefu. Inafaa kingo za barabara, mitaro, mipaka ya shamba, na pori la umri wa miaka miwili mitatu ambalo hakuna atakayeokota kitu chini yake.

Flaili ni ngoma inayolala, yenye visu vidogo au nyundo nyingi zinazoning'inia, ndani ya kasha la chuma. Kwa mashine hizi ndogo shina la kawaida ni sentimita 2 hadi 5. Inasagasaga, inaacha matandazo mafupi, na hurusha kidogo kwa sababu ya kasha na minyororo ya mbele. Kwa shamba la korosho hii ndiyo ninayoisimamia, hata kama ni ya polepole. Chagua nyundo badala ya visu vya umbo la Y kama vichaka vyako ni vya mti kuliko majani. Visu vya Y ni vizuri kwa majani na matete, ila kwenye mti mgumu hupinda.

Malcha, yenye meno yaliyokazwa moja kwa moja kwenye ngoma, husaga hata mti mnene. Inahitaji oili na uzito ambao mashine ya chini ya tani 8 haina. Zipo ndogo zenye vizuizi vinavyolifanya jino liume kidogokidogo, lakini kwa bei yake na kwa mawe yetu, kama huna mkataba wa kazi wa muda mrefu mkononi, usiinunue.

Na kuna hali ambapo eskaveta yenyewe si jibu. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari, ina njia pana katikati. Njia hizo trekta yenye slesha huzimaliza kwa haraka na kwa dizeli kidogo. Eskaveta ilipwe kwa yale ambayo trekta haiyawezi: kuingiza mkono chini ya matawi yaliyoinama, kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde, na kwenye shamba lililoachwa muda mrefu mpaka trekta haioni inapokanyaga.

Hatua ya tano: linganisha mota na oili yako

Mwambie muuzaji akupe ujazo wa mota kwa sisi (cc, yaani sentimita za ujazo), ambao ni oili inayopita kwa mzunguko mmoja. Chukua lita kwa dakika za mashine yako, zidisha kwa 1,000, gawa kwa sisi hizo, unapata mizunguko kwa dakika. Slesha yenye diski ya sentimita 90 na mota ya sisi 45, ikipewa lita 50, huzunguka kama mara 1,110 kwa dakika. Ncha ya kisu inakwenda mita 52 kwa sekunde, kasi ya kilomita 188 kwa saa. Hapo inakata safi. Ipe lita 30 tu, ncha inashuka hadi mita 31 kwa sekunde: visu vinajikunja, shina linapasuliwa badala ya kukatwa, na ile mikuki niliyoisema inazaliwa. Ipe lita 80 kwenye mota hiyohiyo, inazidi kasi iliyoundiwa, na kipande kikikatika hakuna anayejua kitaangukia wapi.

Uliza pia kama kwenye mota kuna vali ya kuiruhusu diski iendelee kuzunguka na kusimama yenyewe ukifunga oili. Bila vali hiyo diski nzito huigeuza mota kuwa pampu, presha inaruka, na sili zinalipuka.

Hatua ya sita: uzito na pini

Kipimo changu cha haraka ni baketi iliyojaa. Baketi ya mashine ya tani 3.5 yenye ujazo wa mita za ujazo 0.1, ikiwa na udongo, ni kama kilo 250 kwa jumla. Fyekeo lisizidi hapo. Kumbuka baketi iliyojaa huibebi kutwa ukiwa umenyoosha mkono pembeni, lakini fyekeo utalibeba hivyo. Lijaribu mkono ukiwa umenyooshwa kabisa ubavuni, juu ya mteremko mdogo. Mnyororo wa upande wa pili ukinyanyuka, kifaa ni kizito kwako.

Kwenye pini usikubali maneno kama "ni saizi ya tani tatu." Toa pini za baketi, pima kwa vernia (kipimo cha milimita chenye taya): unene wa pini, upana wa kichwa cha mkono, na umbali kati ya kitovu cha pini moja na nyingine. Mashine mbili za uzito mmoja zinaweza kutofautiana kwa milimita tano, na milimita tano za kulegea chini ya kifaa kinachotetemeka zitakula bushi (bomba dogo la chuma linaloshika pini) ndani ya mwezi.

Hatua ya saba: mtu aliye ndani na watu walio nje

Kioo cha kawaida hakizuii kisu. Weka polikaboneti nene mbele, pamoja na wavu wa chuma, na milango ifungwe. Mashine isiyo na kebini, yenye paa tu, isifungwe slesha, na hapa sina mjadala. Watu wote wakae mbali, mimi naweka mita 100 kwa slesha, na mtu mmoja kwenye kila njia ya miguu, maana watoto hukata njia shambani wakirudi shule.

Upupu unahitaji siku yake. Maganda yakikauka, nywele zake huvunjika na kuruka kama vumbi, na flaili huzipuliza moja kwa moja kwenye kebini na kwenye rejeta. Opereta mmoja niliyefanya naye kazi alivua shati kwa kujikuna, na kujikuna kukazidisha. Ama fyeka mapema, maganda yakiwa mabichi, ama subiri asubuhi yenye umande. Mpe opereta mikono mirefu, barakoa na miwani, na maji ya kuogea yawe tayari, hasa huku uwandani ambako maji ni ya kubeba.

Hatua ya nane: joto, kisha majaribio

Breka hufanya kazi kwa vipindi, fyekeo huzunguka saa nzima bila kupumzika. Oili inachemka. Fuata kitabu kuhusu daraja la oili. Nyingi hutumia VG 46 (namba inayoonyesha uzito wa oili), na kwa joto letu baadhi ya watengenezaji hukubali VG 68. Oili ikifika nyuzi 80, pumzisha. Chanzo cha kwanza cha joto huwa ni makapi yaliyoziba rejeta, kwa hiyo nunua kifaa pamoja na wavu mwembamba wa kufunika upande wa kuingiza hewa, na uufute kila saa. Makapi hayohayo yakilala juu ya ekzosi Agosti yanawaka, basi mtungi wa kuzimia moto ukae kwenye kebini.

Kabla ya kulipa, omba nusu siku shambani kwako, kwenye ule mraba uliopima. Washa, acha oili ipate moto kwa dakika 20, kisha kata shina la unene uliouhesabu. Sikiliza injini ikizama na hesabu sekunde hadi irudi kwenye sauti yake. Zaidi ya sekunde tatu nne kila shina maana yake kifaa kinadai nguvu kuliko mashine yako. Zima, subiri diski isimame kabisa, shuka, shika mpira wa dreni na mpira wa kurudi: yote miwili iwe ya joto la kawaida, bila jasho la oili kwenye nati. Kagua visiki kwa kiganja. Kisha fungua kasha la zana zilizokuja na kifaa, uone kama kuna seti ya pili ya visu na boliti zake ngumu za daraja 10.9 au zaidi. Kama hazipo, ziandikwe kwenye risiti kabla ya kutoa fedha. Baada ya saa ya kwanza ya kazi halisi, kaza tena boliti zote za visu, na ukishakaza, weka alama ya rangi kwenye kila nati ili kesho asubuhi uone ipi imesogea.